Tafuta Kosa Kabla ya Mkosaji

Jumapili moja asubuhi, kabla ya chai kuiva, niliketi mbele ya kompyuta yetu ya mezani hapa nyumbani Temeke, nikabonyeza kitufe cha kuiwasha kama nilivyozoea. Feni ikavuma. Taa ndogo ya mbele ikawaka. Kwenye kioo ikatokea nembo ya kiwanda kilichoiunda. Halafu basi. Nembo ile ilibaki pale pale, imetulia kama picha ya ukutani. Nikangoja dakika moja, nikangoja tano, nikangoja kumi. Nikabonyeza kibodi, kimya. Nikasukuma kipanya huku na huko, kimya. Mwisho nikakishikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine yote ikazimika, nikaiwasha upya. Nembo ikatokea tena, ikaganda tena.

Ndugu msomaji, nilirudia kitendo hicho mara saba. Leo naona haya kuitaja idadi hiyo, maana sasa najua kwamba kila niliporudia nilikuwa nikimkimbiza mgonjwa ambaye hata kusimama hakuweza. Lakini asubuhi ile sikulijua hilo. Nilichojua ni kwamba mashine ilikuwa ikifanya kazi jana na leo haifanyi, na kwamba mtu wa mwisho kuketi mbele yake usiku wa jana alikuwa mpwa wangu.

Mpwa wangu huyu ni mtoto wa marehemu dada yangu. Yuko kidato cha pili, na ameishi nasi tangu mama yake alipofariki, sasa ni mwaka wa nne. Ni kijana mpole, mwenye maneno machache, ambaye ukimtuma huna haja ya kumkumbusha. Nilimwita sebuleni, naye akaja akifuta mikono.

"Umefanya nini kwenye kompyuta?"

"Sijafanya kitu, Mjomba."

"Kompyuta haijiharibu yenyewe. Umechomeka flashi za huko mtaani, umetuletea virusi."

"Hapana, Mjomba."

Niliona macho yake yakienda kwenye mashine, yakirudi kwangu, kisha yakishuka sakafuni. Nikayasoma kuwa ni macho ya mkosaji. Hapo ndipo nilipotamka maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka hunikereketa kooni: kwamba yeye hajui thamani ya vitu kwa sababu hajapata kuvitolea jasho.

Mke wangu alikuwa mlangoni akimenya viazi. Kisu chake kilisimama. Hakusema neno. Kijana aliinamisha kichwa, akatoka uani, akaanza kufua sare zake za shule, sare ambazo alikuwa amekwisha kuzifua Jumamosi.

KILICHOKUWA NDANI

Kompyuta ile si kitu cha fahari. Niliinunua Kariakoo ikiwa imekwisha kutumika ughaibuni, miaka sita iliyopita, na boma lake lilikuwa na mikwaruzo tangu siku hiyo. Wazee wetu wanakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta humu nchini. Siku hizi mfanyakazi wa kawaida anaweza kuinunua ya mtumba akaipakia kwenye bajaji mpaka nyumbani. Yetu ilikuwa na kazi zake: mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, huitumia kutungia mitihani; mimi huandikia makala; kijana hujisomea masomo yake jioni.

Lakini ndani yake kulikuwa na kitu kimoja ambacho Kariakoo hakiuzwi. Dada yangu alipofariki, niliichukua simu yake na kuhamishia kwenye kompyuta picha 312 na jumbe tisa za sauti alizokuwa amemrekodia mwanawe. Jumbe zenyewe hazikuwa wosia wala maneno mazito. Ni mama anayemwambia mtoto kwamba mvua inakuja, aanue nguo. Kwamba atachelewa kazini, chakula kimo katika sufuria ndogo. Kwamba asilale kabla ya kufunga mlango wa uani. Baadaye simu ile nayo ilikufa. Nikasema nitazitolea nakala picha na sauti zile wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo ilidumu miaka minne. Kwa hiyo nakala ilikuwa moja tu, katika diski moja, ndani ya mashine moja, nayo ndiyo iliyokuwa imeganda.

Basi nikisema ukweli, kilichonipanda asubuhi ile hakikuwa hasira. Kilikuwa hofu. Nilijua kwamba mwenye dhamana ya kumbukumbu zile nilikuwa mimi, na kwamba sikuzitunza. Lakini mtu mzima aghalabu huona ni rahisi kumkaripia mtoto kuliko kujikaripia mwenyewe. Wala sikujiuliza swali lililokuwa wazi mbele yangu: kama mimi nilihofu namna ile, je, yeye mwenye mama alihofu namna gani?

SWALI LA FUNDI

Jioni ilipoingia tuliipeleka mashine kwa fundi wa mtaa wa pili, ambaye ana kibanda chake cha kutengenezea redio, simu na kompyuta. Kijana alibeba boma kifuani. Mimi nikabeba nyaya na kibodi. Njia nzima hatukusemezana.

Nilitazamia kwamba fundi angechukua bisibisi mara moja. Badala yake alituvutia viti, akamwitikia kijana shikamoo yake, kisha akaniuliza, "Inagandia wapi, kaka?"

"Inaganda inapowaka," nikajibu.

Akacheka. "Kuwaka ni safari ndefu. Mtu akikwambia basi la Mwanza limeharibika njiani, hujajua kama liko Kibaha au liko Shinyanga."

Kisha akanieleza safari yenyewe, nami naieleza hapa kama nilivyoielewa, maana ina faida kwa kila nyumba yenye mashine ya namna hii.

Kompyuta inapozimwa, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi husahau kila kitu. Inapowashwa haijui hata kama ina kibodi. Kwa hiyo kwenye bodi kuu, ule ubao mpana unaounganisha viungo vyote, kuna chipu iliyohifadhi programu ndogo isiyofutika umeme ukikatika. Mafundi huiita bayosi. Programu hiyo ndiyo ya kwanza kuamka, na kazi yake ya kwanza ni kujipima: kama bongo la mashine lipo, kama kumbukumbu ipo na inafanya kazi, kama kioo kipo, kama diski ipo. Kompyuta maarufu ya IBM iliyotolewa mwaka 1981 ilikuwa ikianza kwa kujipima hivyo, na za leo bado hufanya hivyo hivyo. Ikiona kasoro kubwa kabla kioo hakijawaka, mashine nyingi hulia milio mifupi au mirefu kwa mpangilio maalumu, na fundi akihesabu milio hiyo hujua kiungo kinachouma.

Baada ya kujipima, bayosi huitafuta diski yenye mfumo wa kuendeshea mashine, kwa mfano Windows, kisha huukabidhi mfumo huo madaraka. Mfumo nao hupakia programu zinazoendesha kila kifaa. Mwisho hukuomba neno la siri, nawe ukiingia, programu nyinginezo zinazojianzisha zenyewe huanza kazi.

"Kwa hiyo," akasema fundi, "ikiganda baada ya neno la siri, shuku programu zinazojianzisha. Ikiganda pale kiduara cha Windows kinapozunguka, shuku masasisho mapya, programu ya kifaa fulani, au diski. Hapo ukijaliwa, baada ya kushindwa mara mbili tatu Windows yenyewe itakuletea ukurasa wa matengenezo, na utaweza kuiwasha katika hali salama, yaani kwa vitu vichache vya lazima tu. Lakini ikiganda kwenye nembo ya kiwanda, Windows usiisingizie. Bado haijaamka."

Neno hilo lilinigusa. Virusi nilivyomsingizia mpwa wangu asubuhi kwa kawaida hukaa ndani ya mfumo ule, na mfumo ulikuwa haujapata hata nafasi ya kuanza. Niligeuka kumtazama kijana. Alikuwa akimsikiliza fundi kwa makini.

KUONDOA KIMOJA KIMOJA

Fundi alichomeka umeme, akaiwasha. Nembo ikatokea, ikaganda. Akabonyeza kitufe cha kufungia herufi kubwa kwenye kibodi na kutazama taa yake ndogo. Taa haikuwaka wala kuzimika. "Ingekuwa inaitikia," akasema, "tungejua kwamba kioo ndicho kilichoganda ila mashine bado inafikiri. Hii imesimama kabisa."

Akazima. Akachomoa waya wa umeme ukutani, kisha akakibonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda ili umeme uliobaki ndani uishe. Ndipo akafungua boma. Vumbi la miaka sita lilikuwa limelala ndani kama pamba. Akalipuliza nje ya kibanda, huku amezuia feni kwa kidole isizunguke.

Dawa yake, ndugu msomaji, ilikuwa ni kupunguza. Alichomoa kila kitu kisichokuwa cha lazima: mashine ya kuchapia, kipaza sauti, kila kilichochomekwa. Akaiwasha. Ikaganda. Alieleza kwamba mara nyingi ugonjwa huishia hapo, maana hata flashi iliyosahauliwa nyuma ya boma inaweza kuikwamisha mashine inapotafuta pa kuanzia. Kwetu haikuwa hivyo.

Akahamia kwenye kumbukumbu. Mashine yetu ina vibao viwili vyake. Alivitoa vyote, akavisugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, akarudisha kimoja. Ikaganda. Akatoa hicho, akaweka cha pili. Ikaganda. "Vyote viwili haviwezi kufa siku moja kwa urahisi," akasema, akavirudisha.

Akauliza kama saa ya kompyuta ilikuwa ikipoteza majira. Nikasema haikuwa. Hata hivyo akaipima betri ya bodi, ile ya mviringo kama sarafu inayoitwa CR2032, ambayo inapokuwa nzima hutoa volti 3 hivi. Ilikuwa nzima.

Ndipo akachomoa kebo inayounganisha bodi na diski. Akaiwasha. Nembo ilitokea, ikakaa kidogo, ikaondoka! Yakaja maandishi meupe kwenye kioo cheusi yakisema kwamba hakuna diski ya kuanzia.

Sijawahi kufurahia habari mbaya kiasi kile. Lakini fundi hakufurahi. Alibadilisha kebo kwanza, kwa kuwa kebo ni ya bei ndogo na huweza kuwa ndiyo mkosaji. Mashine ikaganda kama awali. Akainamisha sikio kwenye diski, akatunyamazisha kwa mkono. Nasi tukasikia: tak... tak... tak.

Diski ya aina yetu ina sahani ndani yake zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachoelea karibu mno na sahani bila kuigusa. Kichwa kikishindwa kupata kilichoandikwa, hurudi mwanzo na kujaribu tena, na tena. Bayosi iliiuliza diski jina lake, diski ikawa inahangaika bila kujibu, nayo mashine nzima ikasimama ikingoja jibu. Huko ndiko kuganda kwetu.

"MWANANGU, ILIANZA LINI?"

Fundi alizima kila kitu. Kisha, badala ya kuniuliza mimi, alimgeukia mpwa wangu. Sauti yake haikubadilika hata kidogo. Ilikuwa ile ile aliyoitumia kuulizia betri.

"Mwanangu, wewe ndiye unayeitumia sana. Ilianza lini?"

Kijana akanitazama. Mimi nikatazama ukuta.

"Wiki tatu," akasema. "Kwanza ilikuwa inachelewa kuwaka. Halafu ikaanza mlio kama msumari unagonga kikombe. Siku mbili iliganda kabisa, nikachomoa waya, nikairudishia, ikawaka."

"Na jana?"

"Jana ilikuwa nzuri. Nilisikiliza sauti za mama, nikaizima vizuri."

Fundi hakuuliza sauti gani. Aliuliza jambo moja tu: "Kwa nini hukumwambia Mjomba siku ile ya kwanza?"

Kijana alikawia kujibu. Kisha akasema polepole, "Niliogopa. Pasi ilipoungua nilisema, nikagombezwa."

Ilikuwa kweli. Miezi miwili nyuma, pasi yetu ilianza kutoa moshi, naye ndiye aliyekuja kutuarifu. Nilimgombeza kwamba ameiacha kwenye umeme. Baadaye mke wangu aliona kwamba waya wake ulikuwa umechubuka ndani ya ganda kwa uchakavu. Lakini sikurudi kumwambia kijana kwamba nimekosea. Niliona jambo lenyewe ni dogo, limekwisha. Kumbe kwake halikuwa limekwisha. Alikuwa amejifunza somo, na mwalimu nilikuwa mimi: katika nyumba hii, anayeuona ubaya kwanza ndiye anayebebeshwa.

Nikapiga hesabu hapo hapo kibandani. Wiki tatu zilizopita diski ile ilikuwa bado inasomeka. Siku ile ya mlio wa kwanza, mtu angeweza kuchukua flashi na kunakili picha zote 312 na sauti zote tisa kabla maji ya chai hayajachemka. Kilichotunyima nafasi hiyo hakikuwa virusi, wala uchakavu, wala umeme unaokatika. Ni ukali wangu.

OKOA KWANZA

Niliuliza kama angeweza kuitengeneza. Fundi akatikisa kichwa. "Diski hii haitengenezwi. Kwanza tuokoe kilichomo. Usiiwashe tena wala usiipe programu ya kujikagua, maana kuikagua ni kuisumbua, na pumzi iliyobaki ni ya kunakilia tu."

Hilo, ndugu msomaji, nimeona wengi wetu hatulijui. Mashine ikigoma, tunakimbilia kuirudishia mfumo mpya, au tunaiacha ijikague usiku kucha. Kama ugonjwa uko kwenye programu, huenda ukapona. Kama uko kwenye diski yenyewe, unaweza kumaliza kilichobaki. Iliyo salama ni kuuliza kwanza: je, ndani mna kitu nisichokuwa na nakala yake? Kama kipo, kitolewe kwanza, kisha mengine yafuate.

Aliifungua diski kutoka kwenye boma, akaiunganisha na kompyuta yake mwenyewe kwa kebo maalumu, akaanzisha programu inayonakili sehemu nzima kwanza na kuruka sehemu mbovu, kisha kuzirudia mwishoni kwa subira. "Itachukua usiku wote," akasema. "Njooni kesho."

Tukarudi nyumbani gizani. Tulipofika kwenye kona ya msikiti nikasimama. Kwetu sisi, mjomba hamwombi radhi mpwa wake kila siku. Na mimi mwenyewe sikuwahi kuombwa radhi na mtu mzima nilipokuwa na umri wake. Maneno yalikuwa magumu kutoka.

"Nilikukosea asubuhi," nikamwambia. "Na ile siku ya pasi pia nilikukosea. Wewe ulisema kweli mara zote mbili."

Alitembea hatua chache kabla ya kujibu. "Yamekwisha, Mjomba," akasema. Kisha akaongeza, "Na mimi ningesema mapema."

"Ungesema vipi na mimi ndiye niliyekufunga mdomo?"

Usiku ule sikulala vizuri, na kupitia ukuta wa chumba nilisikia kwamba hata yeye hakulala.

Jumatatu jioni fundi alitukabidhi diski mpya, ya aina isiyo na sahani wala kichwa kinachoelea, na ndani yake folda yenye vitu vyake. Picha zilizopona zilikuwa 309. Sauti zilizopona zilikuwa nane. Ujumbe mmoja haukusomeka. Mahali ulipokuwa umeandikwa palikuwa pameharibika. Kijana alifungua zile nane moja baada ya nyingine pale kibandani kujua ni upi uliopotea. Alipomaliza alisema, "Ni ule wa kufunga mlango." Akanyamaza kidogo. "Ule naukumbuka wote."

Nilimwuliza fundi ni nani hasa aliyeiua diski. Nilitaka, nadhani, asikike akisema mbele ya kijana kwamba si yeye. Alijibu akikunja nyaya zake: "Hakuna aliyeiua, kaka. Ilikuja nchini ikiwa na umri wake, umeme umekuwa ukiikatikia, na diski huzeeka. Kuchomoa waya si kuzuri, hata hizo mara saba zako si nzuri. Lakini ingekufa tu. Swali si nani. Swali ni kwa nini kulikuwa na nakala moja."

SHERIA ZA NYUMBA YETU

Tangu siku hiyo tumejiwekea taratibu chache, nazo nazitoa hapa kwa faida ya wasomaji wenye watoto na mashine chini ya paa moja.

Ya kwanza ni ya nakala. Wenye ujuzi wa mambo haya hufuata kanuni ya tatu, mbili, moja: kitu cha thamani kiwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja isiwe ndani ya nyumba hiyo. Sauti za dada yangu sasa zimo katika kompyuta, zimo katika flashi iliyofungiwa kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa, na zimo kwa mama yetu mkubwa huko Morogoro, ambaye amewekewa katika simu yake na huzisikiliza baada ya sala ya alfajiri.

Ya pili ni ya umeme. Tumenunua kile kisanduku cha umeme wa akiba ambacho mafundi hukiita yupiesi, ili umeme ukikatika tupate dakika za kuizima mashine kwa utaratibu. Bei yake iliniumiza mfukoni, lakini hainiumizi kama ule ujumbe mmoja.

Ya tatu ni daftari. Limefungwa kamba pembeni mwa meza, na yeyote akiona jambo geni kwenye kompyuta huandika siku, saa, na mahali ilipogandia. Haandiki jina lake asipopenda. Fundi ameliona daftari hilo na kulisifu. Anasema wateja wake wengi humletea ugonjwa bila historia.

Ya nne ndiyo kubwa, nayo haihusu mashine. Katika nyumba yetu, anayetoa habari ya kitu kilichoharibika hagombezwi kwa ajili ya habari hiyo. Kama ana kosa, tutalizungumza kesho yake, baada ya kulijua kosa lenyewe. Leo tunamshukuru kwanza. Mke wangu alinitazama sana nilipoitangaza sheria hii mezani, kwa sababu alijua itamfunga nani zaidi.

Mashine haina aibu. Inapougua hulia, huchelewa, hugonga, huganda, na mahali inapogandia ndipo inapokuonyesha panapouma. Mtoto hayuko hivyo. Mtoto akiona kwamba kila habari mbaya humrudia yeye, atajifunza kuchomoa waya na kuurudisha, kuufunika moshi, kuuficha mlio. Nasi wazazi tutakaa tukidhani nyumba yetu ni salama, kwa kuwa ni kimya.

Wiki iliyopita nilikuwa mezani nikimalizia makala, muda ukiwa umenibana, na mhariri akinisubiri. Kijana akaja akasimama mlangoni.

"Mjomba, friji inatoa sauti ambayo jana haikuwapo."

Nilihisi maneno ya zamani yakinipanda mpaka kwenye ulimi. Nikayameza. Nikaiacha kalamu.

"Ahsante," nikamwambia. "Twende tukaisikilize."